Redio Inakohoa

Ubavu wa kushoto wa redio ya marehemu baba umelika rangi. Haukulika wote. Ni duara moja tu, upana wa kiganja, ambapo plastiki nyeusi imegeuka kijivu na kung'aa kama kokoto iliyosuguliwa na maji. Nimeiweka juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Igogo, Mwanza, mahali palepale alipokuwa akiiweka yeye, na jua linapoteremka ng'ambo ya ziwa, duara lile hushika mwanga likaonekana kuliko vitu vyote vingine: kuliko vitufe, kuliko antena iliyopinda, kuliko namba za masafa zilizofutika nusu. Ni alama ya kofi. Ni kofi la miaka zaidi ya thelathini, lisilo na hasira wala haraka, lililopigwa jioni kwa jioni ili taarifa ya habari ya saa mbili isikike. Mkono uliolipiga umezikwa. Alama yake imebaki kwenye plastiki, nami nimekaa mbele yake kama mtu aliyekabidhiwa barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo aliisikia utotoni na hakujifunza kuisoma.

Mama alipohamia kwa dada yetu Sengerema, redio ikawa yangu. Ilinifikia imefungwa kwenye kanga, na ndani ya kanga mlikuwa na daftari la mistari ambalo nitalieleza baadaye. Nilinunua betri nne kubwa, nikazipanga, nikazungusha kitufe. Kimya. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, mzee ambaye bado ana mikono ya redio, akaifungua, akapima, akapuliza vumbi, akanirudishia akisema haina ubovu wowote: waya zimeshika, spika nzima, kila kitu kiko mahali pake. Nikarudi nayo nyumbani. Kimya tena. Ndipo nilipompigia simu dada. Akauliza kama nimeweka kile kijiti cha kiberiti. Kijiti gani? Kile cha kukaza bati kwenye betri ya mwisho, akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Kaka aliyeko Geita akaongeza lake: sindano ya stesheni haipelekwi moja kwa moja, unaipitisha kidogo mbele kisha unairudisha, kama unayempita mtu uliyemnunia halafu moyo unakusuta unageuka. Mdogo wetu wa mwisho akakumbuka kwamba uso wa redio sharti uangalie upande wa Ukerewe. Na mama, simu ilipomfikia, alisema maneno machache tu: "Msiipige kwa nguvu, wanangu. Baba yenu hakuwa anaipiga. Alikuwa anaiamsha."

Hivyo nikagundua kwamba baba aligawa urithi ambao hakuna mahakama iliyouorodhesha. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande, na hakuna aliyejua kwamba anacho mpaka redio ilipokataa kusema. Fundi alikuwa sahihi kusema haina ubovu. Ilichokuwa nacho ni tabia, na tabia haipimwi kwa mita. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hutumika kumnyamazisha mtu anayetolea hukumu mambo ya wengine, na ni haki yake itumike hivyo. Lakini jioni ile juu ya mwamba niliisikia kwa upande wa pili. Ikiwa asiyelala hawajui kunguni, basi kuwajua kunguni ndiko kulala kwenyewe. Ndiyo hati ya kumiliki kitanda. Baba alikuwa na risiti ya redio ile, ipo mpaka leo ndani ya daftari. Lakini iliyomfanya mwenye redio haikuwa risiti. Ni kijiti cha kiberiti.

Ndani ya redio za aina hii mna kifimbo cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho sikio lake kwa masafa ya kati, nacho hakisikii pande zote sawa. Husikia vyema pale ubavu wake unapoelekea mnara unakotoka wimbi. Kwa hiyo kuangalia Ukerewe hakukuwa uchawi. Kilikuwa kipimo alichokipata mtu asiyekuwa na kifaa cha kupimia, kwa kuigeuza redio nyuzi chache kila jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka mwili wake ukajua. Baba aliishia darasa la saba la zamani na alifanya kazi kiwanda cha nguo. Nina hakika hakuwahi kuona kile kifimbo. Lakini alikijua.

Betri zilikuwa kazi yetu watoto. Zilipochoka tulizianika juu ya mwamba huohuo, upande mmoja dagaa, upande mwingine betri za National na za Tiger, zote zikigeuzwa mchana ili zishike jua vizuri. Joto la jiwe lilizindua kemikali zilizosinzia ndani ya kopo la zinki, nasi tukapata nusu saa ya ziada, pengine dakika arobaini. Dakika hizo zilikuwa na utaratibu wake. Muziki haukuruhusiwa kwa betri za kuanikwa. Zilitosha taarifa ya habari na matangazo ya vifo, maana enzi zile Redio Tanzania ndiyo iliyotuambia nani amefariki wapi na mazishi ni lini, na familia iliyokosa betri iliweza kukosa maziko ya ndugu yake. Mama alikuwa akisema harufu ya dagaa imeingia kwenye redio haitoki. Nimeinusa. Ni kweli.

Sasa lile daftari. Baba alikuwa na starehe moja maishani: kuwinda stesheni. Wengine walikuwa na bao, wengine pombe, wengine walituma kadi za salamu wakangoja wiki nzima kusikia majina yao yakitajwa hewani. Yeye alipanda juu ya mwamba usiku, nyumba ikiwa imelala, akasogeza sindano polepole kwenye masafa mafupi, yale ambayo hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lililojaa chembe za umeme, yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Aliandika kila alichopata: tarehe, saa, bendi, lugha. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957. Deutsche Welle, Kiswahili chake cha tangu 1963. Kigali, Bujumbura, Kampala. Mara nyingine lugha asiyoijua kabisa, akaandika tu "wanaimba". Na mwisho wa kila mstari aliweka hukumu yake kwa kalamu nyekundu, na hukumu zilikuwa tatu: "inasikika", "inasikika kwa shida", na "inakohoa".

Neno hili la tatu ndilo lililonikalisha juu ya jiwe hili siku nyingi kuliko nilivyotegemea. Mtu asiyejua angedhani ni lawama kwa stesheni. Sivyo. Radi inapopiga hutoa si mwanga na ngurumo tu, bali pia wimbi la redio lisilo na adabu, linaloenea kila masafa kwa mara moja. Redio za masafa ya kati na mafupi husoma sauti katika kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, kwa hiyo radi huingia humohumo, katikati ya sentensi ya mtangazaji, kama kikohozi cha mtu mzima chumba cha pili: krah, kimya, krah-krah. Husikika radi ikiwa mbali mno, kabla jicho halijaona mwako wala sikio halijapata ngurumo. Na ziwa letu ni nyumba ya radi. Ni maji ya kilomita za mraba karibu 68,800. Mchana upepo hutoka ziwani ukaja nchi kavu; usiku hugeuka, nchi kavu inapopoa, hewa kutoka kila ufuko ikaelekea katikati, ikakutana juu ya maji yenye uvuguvugu, ikapanda, na mawingu yakajengeka gizani. Wenye kuhesabu radi duniani huliweka Ziwa Victoria miongoni mwa mahali zinapopiga kwa wingi zaidi usiku. Na usiku ndio saa ya wavuvi wa dagaa. Wao hutoka mwezi ukiwa haupo, kwa sababu dagaa hufuata taa na mwezi huiaibisha taa. Kutoka hapa Igogo, usiku wa giza, ukitazama ziwani unaona mji mwingine, mji wa taa tupu usio na nyumba, uliosimama pale ambapo mchana hapakuwa na kitu. Zamani zilikuwa karabai, zenye kile kitambaa laini cha utambi kinachoungua chote kikawa majivu, lakini majivu yakabaki yameshikana, yakatoa nuru kali kuliko kilivyokuwa kitambaa, na yakasambaratika ukiyagusa. Sasa nyingi ni taa za betri na sola. Lakini giza wanaloliingia ni lilelile, na mawingu ni yaleyale.

Basi wavuvi wa mtaani kwetu walipokuwa wakishuka kuelekea mitumbwini jioni, walipita chini ya mwamba, wakaanza na salamu ya Kisukuma na kuita: "Mwadila, mzee! Redio inasemaje?" Hawakuwa wakiuliza habari za Dar es Salaam wala za London. Baba aliigeuza redio taratibu, akisikiliza kikohozi kinazidi ikielekea wapi na kinafifia wapi, kisha akajibu. Kuna siku alisema inapumua vizuri, nendeni. Kuna siku alisema, "Leo redio inakohoa." Hakuwa mtabiri na hakujifanya kuwa mmoja. Alikosea mara nyingi. Radi alizozisikia ziliweza kuwa zinapiga upande wa Uganda na kuishia hukohuko. Na wapo waliosikia jibu wakatoka vilevile, kwa sababu sufuria tupu nyumbani nayo ina sauti yake. Lakini wapo pia waliorudisha taa ndani wakabaki nyumbani na watoto wao. Kile ambacho aliyeitengeneza redio angekiita kasoro, kile ambacho wahandisi walitumia miaka kukipunguza na hatimaye wakakikomesha kwa redio za FM, sisi tulikiita habari za ziwani. Mtangazaji alisema yake, na ziwa lilisema lake, katika spika moja.

Tarehe 21 Mei 1996 baba hakuipiga kofi. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imepinduka asubuhi ikikaribia Mwanza, na mji mzima ulitoka nje ukasimama ukitazama maji, kana kwamba kutazama kungeyafanya yarudishe watu. Majirani walijaa juu ya mwamba wetu. Betri zilikuwa dhaifu, hakukuwa na muda wa kuanika. Baba aliishika redio kwa mikono miwili, akaielekeza, akabaki hivyo mikono ikitetemeka, mama akamshika viwiko, mpaka jua likazama. Waliokufa walizidi 800. Wengi wamelala Igoma. Katika daftari, ukurasa wa siku hiyo una tarehe tu.

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi, maeneo ya Makoroboi. Ni simu nzuri. Nilijinyima kuinunua na nimeipenda, kipya kinyemi. Ila ilianza kuzimika yenyewe ikifika asilimia arobaini, mara katikati ya mazungumzo na mama, mara nikiwa natuma pesa sijui zimekwenda au hazikwenda. Fundi ni kijana wa umri wa mwanangu, mpole, ana mikono mizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi." Akasikiliza, akasema ni betri, na nilifurahi kusikia neno hilo, kwa sababu betri nazijua. Kumbe sijui. Simu ile haina mfuniko wa kufungua kwa ukucha. Fundi aliiweka chini ya blowa, akaipuliza hewa ya moto pembeni mwa kioo, akaingiza kadi nyembamba ya plastiki, milimita kwa milimita, akishikilia pumzi, maana kioo kikipasuka hasara ni yangu na aibu ni yake. Ndani, betri nayo ilikuwa imegandishwa kwa gundi. "Mzee wangu," aliniambia bila kuinua macho, "hizi hazikuumbwa zifunguliwe." Aliimaliza kazi, ikawaka, nikamlipa, nikamshukuru. Na tangu siku ile, kila ninapoiwasha, simu inaniandikia kwamba betri iliyomo haitambuliki. Inafanya kazi. Inakaa na chaji mpaka usiku. Lakini kila asubuhi inanikumbusha kwamba mkono wa kijana yule ni mkono wa mgeni. Redio ya baba ilipokea kijiti cha kiberiti na haikuuliza kimetoka wapi.

Nilikaa pale Makoroboi muda mrefu baada ya kulipa. Jina la mahali pale linasema lenyewe: ni makoroboi, vile vibatari vilivyotengenezwa na mafundi bati kati ya miamba kutokana na makopo matupu ya watu wengine. Kopo lililokuja na mafuta ya kupikia likakatwa, likakunjwa, likatiwa utambi wa pamba, likawa taa ya kusomea. Hapakuwa na sehemu ya koroboi ambayo aliyelitengeneza hakuijua, wala ambayo mnunuzi hakuweza kuirekebisha kwa msumari. Lakini sitaki kuusifia moshi. Nimesoma kwa koroboi. Nimeamka na masizi puani, na katika mtaa wetu nyumba mbili ziliungua kwa koroboi lililoangushwa na mtoto. Anayelitamani hajalisomea. Hali kadhalika hakuna aliyewahi kukaa na mgonjwa ndani ya gari kwenye foleni ya feri ya Kigongo, usiku, anayeikumbuka foleni ile kwa mapenzi. Daraja la kilomita tatu lilipofunguliwa pale tarehe 19 Juni 2025, sisi wenye mama Sengerema tulivuka tukilia. Na kwa simu hiihii inayoikana betri yangu, namwona mama uso kwa uso kila Jumapili. Siiti zamani irudi. Ninachouliza ni kidogo kuliko hicho, na pengine ndiyo maana kinanisumbua: ni mlango gani uliofungwa, na nani alikuwa akipitia humo?

Binti wa dada yangu anasoma chuo kule Nyegezi na hukaa kwetu. Nilimweleza haya, akanicheka kwa upendo, kisha akanionyesha simu yake. Ina waya wa chaja unaokubali kwa pembe moja tu. Ameukunja, akaubana kwa mpira wa kufungia pesa, akaweka kitabu juu yake. Mtandao ukigoma anawasha hali ya ndege, anahesabu mpaka kumi, anaizima. Kioo kina ufa upande wa kulia, na herufi moja haiandiki mpaka uilaze simu kidogo. Na usiku, bando likienda polepole, hupanda juu ya mwamba wa babu yake, kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika. Nilinyamaza. Kumbe kunguni hawajahama. Mtoto huyu anaijua simu yake kama babu alivyoijua redio, kwa kofi na kijiti na pembe ya jiwe. Nilitaka kukubali kwamba nimekosea na kuiacha habari hii.

Kilichonirudisha ni maneno aliyoyasema yeye mwenyewe: "Mjomba, hii ni simu yangu ya tatu tangu niingie chuo. Zile mbili nilishasahau zilikuwaje." Hapo ndipo. Ujuzi wa kunguni unahitaji usiku mwingi. Redio ya baba ilikaa juu ya mwamba muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa, kukua, kuitwa ashike antena, kukatazwa kuigusa, kuruhusiwa kuigusa, kuoa, na kurudi nyumbani kumsalimia mzee akakuta bado inaangalia Ukerewe. Tabia yake ilipata wakati wa kugeuka mila ya nyumba. Simu haikai hivyo. Ingali nzima, kioo chake kinawaka, sauti inatoka, na bado siku moja programu uliyoizoea itakuandikia kwamba chombo chako ni cha zamani mno na haitafunguka tena ndani yake. Hakuna kilichovunjika. Imeamuliwa tu, mahali fulani, kwamba umri wake umekwisha. Miamba ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na juu yake tunaketi na vitu vinavyoitwa vizee kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza. Ujuzi wa mpwa wangu si mdogo kuliko wa baba. Unakufa tu kabla haujapata mrithi.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu zaidi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima, na nchi jirani pia. Hapa nyumbani kila mtu alishughulika na simu yake: aliyeizima na kuiwasha, aliyetoa laini akaifuta kwa shati, aliyepanda mwambani, aliyemgombeza mdogo wake kwamba amemaliza bando. Baadaye ndipo tuliposikia kwamba ni nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ambazo zilikatika huko kusini. Sisi tuko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Dar es Salaam, watu wa ziwa, na hitilafu yetu ilikuwa kwenye sakafu ya bahari. Silalamikii bahari, waya ni waya, nao hukatika. Lakini nilimwangalia mke wangu akiipigapiga simu kiganjani, polepole, bila kujua anachofanya, na nikaona mkono wa baba. Mkono bado unakumbuka. Umekosa ubavu wa kupiga. Maandishi kwenye kioo yalisema kuna hitilafu, jaribu tena baadaye, na katika maneno hayo hamna hata chembe ya habari: si iko wapi, si imesababishwa na nini, si mvuvi atoke au alale. Kosa la redio lilituambia jambo kuhusu ziwa. Kosa la simu linatuambia tungoje.

Baba mwenyewe alikohoa. Kikohozi cha miaka mingi, kikavu, cha alfajiri. Mama alikijua kama baba alivyoijua redio. Alijua kipi ni cha vumbi na kipi ni cha baridi, kipi kinahitaji maji ya moto na kipi kinahitaji aachwe tu akae mlangoni atazame maji. Mara moja, nikiwa kijana, niliamka nikamsikia akikohoa, nikataka kwenda. Mama akanishika mkono gizani akasema, "Hicho ni cha kuwaza. Muache." Nilidhani anamdharau. Leo ninaona kwamba katika ndoa yao ya miaka arobaini na mitatu sikuwahi kusikia tamko la mapenzi kubwa kuliko hilo. Wageni hujua uzuri wetu, kwa sababu huo ndio tunaowatandikia sebuleni. Kasoro huzijua waliolala nasi nyumba moja. Nimejiuliza kama vitu tulivyonavyo, hivi vinavyotuficha kasoro zao chini ya gundi mpaka siku ya kufa, havitufundishi polepole kutegemea watu wawe hivyohivyo pia: laini kotekote, wasiofunguka, na wa kubadilishwa wakianza kukohoa. Sina jibu. Lakini nimewaona vijana wakiachana kwa kikohozi cha kwanza.

Msomaji wangu, kama kwenu yuko mzee mwenye redio, au cherehani, au baiskeli ambayo ni yeye tu anayeweza kuipanda bila mnyororo kuanguka, kaa naye jioni moja. Usimuulize imenunuliwa lini. Muulize inagomaje, na ikigoma anafanya nini. Andika anachosema, hata kama ni kijiti cha kiberiti.

Jumamosi iliyopita tulikutana wote wanne, mara ya kwanza tangu arobaini ya baba. Dada alileta kiberiti, akachagua kijiti, akakivunja nusu kwa meno, akakichomeka. Mdogo wetu aliigeuza redio ikaangalia Ukerewe. Kaka aliipitisha sindano, akairudisha. Mimi ndiye niliyepewa kofi. Niliweka kiganja kwanza ndani ya lile duara, na kikaenea. Nikaipiga kama mama alivyosema.

Stesheni hatukuipata. Ilitoka pumzi ndefu ya spika, kisha krah, kimya, krah-krah. Mpwa wangu alikuwa amekaa chini ya mwamba na simu yake mkononi. Akainua kichwa, akatazama ziwani, ambako taa za dagaa zilikuwa zimeanza kuwaka na anga lilikuwa safi, lenye nyota. Akauliza ni nini hicho. Dada akamwambia inakohoa.

Mvua ya radi ilifika alfajiri, saa kumi na moja kasoro, kutokea ziwani.